Kujiandaa kwa mapitio ya parole kwa msaada wa wakili

Bodi ya parole haimhukumu mfungwa mara ya pili. Mahakama ilikwisha kuamua kama kosa lilitendeka na adhabu yake ni ipi. Bodi inatafuta jibu la swali jingine, nalo ni kama mtu huyu, akiruhusiwa kumalizia kifungo chake uraiani chini ya uangalizi, atawaweka wengine hatarini. Familia nyingi huenda kwa wakili zikiwa zimebeba hoja za rufaa: shahidi alidanganya, adhabu ilizidi, mwenzake aliachiwa. Hoja hizo huenda zikawa za kweli kabisa, na zina mahali pake pa kupelekwa, lakini zikiletwa mbele ya bodi ya parole humaliza muda wa kikao na kumwacha mfungwa bila jibu la swali lililomleta pale.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mfungwa mwenyewe, ndugu anayemfuatilia akiwa nje, na msaidizi wa kisheria ambaye hajawahi kushika jalada la parole. Utaratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mahali pengine kati ya gereza na gereza, kwa hiyo kila hatua inayotajwa hapa ipimwe kwa sheria ya mahali husika. Hata hivyo, kazi yenyewe ya maandalizi inafanana karibu kila mahali, na makosa yanayowaangusha watu yanafanana zaidi.

Hakikisheni kwanza kwamba kinachoombwa ni parole

Parole huchanganywa na mambo mawili yaliyo jirani nayo. Punguzo la kifungo kwa tabia njema huhesabiwa kwa kanuni zilizowekwa na sheria, na kwa kawaida halihitaji kikao cha kumsikiliza mfungwa. Msamaha hutolewa na mkuu wa nchi kwa mamlaka aliyopewa na katiba. Parole ni ruhusa ya kutumikia sehemu iliyobaki ya kifungo nje ya kuta za gereza kwa masharti, na anayeyavunja anaweza kurudishwa ndani. Kifungo chenyewe kinaendelea. Kilichobadilika ni mahali kinapotumikiwa.

Si kila nchi ina mpango huu, na si kila kosa linaingia ndani yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994, ikaweka Bodi ya Taifa na bodi za mikoa. Nchini Afrika Kusini maombi hupita kwanza kwenye kamati ya gereza inayosimamia mwenendo wa mfungwa, kisha taarifa yake hupelekwa kwenye bodi. Serikali kuu ya Marekani iliufuta mpango wa parole kwa makosa yaliyotendwa kuanzia tarehe 1 Novemba 1987, ingawa majimbo mengi ya nchi hiyo hiyo bado yana bodi zake. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya wakili ni kufungua sheria na kuthibitisha mambo matatu: kwamba kosa hili halijaondolewa kwenye mpango, kwamba urefu wa kifungo unaruhusu, na kwamba tarehe ya kustahili imefika au inakaribia.

Tarehe hiyo haifai kukadiriwa kwa mdomo. Wakili aombe hati ya kifungo na karatasi ya gereza inayoonyesha hesabu ya tarehe, kisha aihesabu mwenyewe. Kuna mambo mawili yanayokosewa mara nyingi. La kwanza ni muda wa rumande, ambao katika nchi fulani huondolewa kwenye kifungo na katika nyingine huondolewa pale tu hakimu aliposema hivyo. La pili ni mfungwa mwenye makosa zaidi ya moja: vifungo vinavyokwenda kwa pamoja vina tarehe moja, na vinavyofuatana vina tarehe nyingine iliyo mbali zaidi. Neno moja lililonakiliwa vibaya kutoka kwenye hukumu linaweza kumchelewesha mtu miaka kadhaa, na kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa barua yenye nakala ya hukumu, mapema, kabla bodi haijapanga ratiba yake.

Kumpata wakili na kumtumia ipasavyo

Wakati mzuri wa kumtafuta wakili ni miezi mingi kabla ya kikao. Sababu ni ya kawaida sana: mafunzo ambayo mfungwa hajayapata hayapatikani kwa wiki mbili, na ripoti yenye kosa hairekebishwi asubuhi ya kikao. Wakili anayeitwa wiki ya mwisho anabaki na kazi ya kuzungumza tu, ilhali mazungumzo ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Mahali ambapo sheria ya msaada wa kisheria inafika hadi kwenye parole, mfungwa asiye na uwezo anaweza kupewa wakili bila malipo. Mahali ambapo haifiki, kuna vituo vya msaada wa kisheria, vyama vya mawakili vinavyowapangia wanachama wao mashauri ya kujitolea, vitivo vya sheria vya vyuo vikuu, na wasaidizi wa kisheria wanaoingia magerezani. Swali la kumuuliza yeyote kati yao ni moja: amewahi kuandaa mapitio ya parole? Wakili hodari wa kesi za jinai anayeiendea bodi kama anavyoiendea mahakama, kwa kupinga kila jambo na kumbana kila shahidi, anaweza kumharibia mteja wake. Kazi hii inataka mtu mwenye subira ya kusoma, anayejua kuandika kwa adabu na anayeweza kumwambia mteja ukweli asioupenda.

Kuhusu kuonana, Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha mwaka 2015, zinatoa mwongozo wa wazi. Kanuni ya 61 inasema mfungwa apewe nafasi, muda na mahali pa kutosha pa kushauriana na wakili wake kwa siri, na kwamba askari wanaweza kuwaona wakizungumza lakini wasiwe mahali pa kusikia. Kanuni ya 53 inamruhusu mfungwa kukaa na nyaraka za shauri lake bila uongozi wa gereza kuzisoma. Kanuni hizi hazina nguvu ya sheria ya nchi, lakini barua kwa mkuu wa gereza inayozitaja kwa heshima, pamoja na sheria ya magereza ya mahali hapo, husaidia kupata chumba tofauti na ukumbi wa wageni.

Mfungwa naye ana wajibu wake. Amweleze wakili kila kitu, pamoja na yale ambayo anaona aibu kuyasema, kwa sababu jambo ambalo wakili analijua mapema anaweza kulitafutia maelezo, na lile analolisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mjumbe wa bodi halina tena dawa.

Jalada ndilo linaloamua

Wajumbe wa bodi humjua mfungwa kwanza kwenye karatasi. Wakati anapoketi mbele yao wamekwisha kusoma kurasa nyingi kumhusu, na kila mmoja ana picha yake kichwani. Katika mifumo mingi maombi huweza kukataliwa kwa kusomwa jalada tu, bila mfungwa kuonekana. Ndiyo maana ninaamini kwamba robo tatu ya kazi ya maandalizi inapaswa kufanyika hapa, na ndiyo maana sehemu hii ni ndefu kuliko nyingine.

Ombi la kwanza la maandishi, basi, liwe la kupata nakala ya jalada lote litakalopelekwa kwenye bodi. Kwa kawaida ndani yake kuna maelezo ya mashtaka, hukumu na maneno ya hakimu wakati wa kutoa adhabu, orodha ya makosa ya zamani, kumbukumbu za nidhamu gerezani, vyeti vya mafunzo, taarifa ya afisa anayemsimamia mfungwa ndani, taarifa ya afisa wa probesheni au ustawi wa jamii kuhusu makazi ya nje, na, panapohitajika, tathmini ya mwanasaikolojia. Mahali ambapo sehemu fulani inafichwa kwa sababu za usalama, wakili aombe angalau muhtasari wake, kwa kuwa mtu hawezi kujibu tuhuma asiyoijua.

Kisha jalada lisomwe na watu wawili, wakili na mfungwa, mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Wakili pekee hatoshi, kwa kuwa hakuwapo. Nichukue mfano wa jinsi kosa linavyosafiri. Kumbukumbu ya nidhamu inasema kwamba mfungwa alishtakiwa kwa kukutwa na simu chini ya godoro. Ukurasa unaofuata, ambao haukunakiliwa, unaonyesha kwamba kitanda kile kilikuwa cha watu wawili na kwamba alionekana hana hatia. Afisa aliyeandika taarifa mwaka uliofuata alisoma ukurasa wa kwanza tu, akaandika: “aliwahi kukutwa na simu.” Mwanasaikolojia akasoma taarifa ya afisa, akaandika kwamba mfungwa “ana historia ya kukiuka kanuni kwa siri.” Sasa sentensi moja isiyo kweli imekuwa hitimisho la mtaalamu. Mwenye kuiona safari hiyo ni mfungwa. Mwenye kuikata ni wakili, kwa kutafuta ule ukurasa wa pili na kuuambatanisha na barua inayowataka waandishi wote wawili warekebishe taarifa zao.

Wakati wa kusoma, kila jambo liwekwe kwenye moja ya mafungu matatu. Fungu la kwanza ni makosa ya ukweli: tarehe, idadi, jina la kosa, tukio lililofutwa. Haya huombewa marekebisho. Fungu la pili ni maoni ambayo mfungwa hayapendi lakini yana msingi, kwa mfano kwamba hukasirika haraka akisahihishwa mbele ya wenzake. Haya hayapingwi, hujibiwa kwa kuonyesha kilichofanyika tangu yalipoandikwa. Fungu la tatu ni mapengo, yaani vitu vizuri ambavyo jalada halivitaji: miaka mitatu bila kosa la nidhamu, kazi ya kuwafundisha wenzake kusoma, barua ya msimamizi wa karakana. Gereza ni mahali penye shughuli nyingi na maafisa wachache, na mara nyingi wema hauandikwi kwa sababu haukuleta vurugu yoyote. Ni jukumu la upande wa mfungwa kuuandikisha.

Ikiwa tathmini ya kitaalamu ni ya zamani, wakili aombe mpya, na ikiwa fedha au msaada wa kisheria unaruhusu, anaweza kutafuta mtaalamu huru. Tahadhari moja inahitajika: mtaalamu huru husema anachokiona, nacho si lazima kiwe kile familia inachotaka. Kwa hiyo wakili achunguze kwanza sheria inasemaje kuhusu taarifa isiyomfaa mteja, na kama ana wajibu wa kuiwasilisha, kabla ya kuiagiza.

Mwisho, kuna suala la kikao chenyewe. Ikiwa bodi imepanga kuamua kwa karatasi peke yake, wakili atazame kama kuna sababu ya kuomba kikao cha ana kwa ana. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Osborn, iliamua kwamba bodi ya parole ya Uingereza na Wales lazima iitishe kikao cha kumsikiliza mfungwa kila haki inapodai hivyo, kwa mfano pale ukweli muhimu unapobishaniwa au pale tathmini ya hatari haiwezi kufanyika vizuri bila kumwona mtu mwenyewe. Mahakama hiyo ilisema pia kwamba mfungwa ana maslahi halali ya kushiriki katika uamuzi unaomhusu, hata kama bodi inadhani inajua tayari itakachoamua. Hukumu hiyo haizifungi nchi nyingine, lakini hoja yake inaeleweka popote na inaweza kutumika kama mwongozo wa kuandika ombi.

Namna ya kulizungumzia kosa

Hapa ndipo watu wema huteleza. Mfungwa amekwisha kujuta kwa miaka mingi, lakini akiulizwa kilichotokea anasema, “Ilikuwa bahati mbaya,” au, “Shetani alinipitia.” Kwake yeye hayo ni maneno ya unyenyekevu; kwa mjumbe wa bodi ni dalili kwamba kosa lilijileta lenyewe na linaweza kujileta tena. Bodi inataka kusikia mlolongo: hali ya maisha ilikuwaje miezi ile, nani alikuwa karibu, pombe au deni au hasira viliingia wapi, uamuzi gani ulifanywa na kwa nini haukufanywa mwingine. Baada ya hapo inataka kusikia nini kimebadilika katika kila hatua ya mlolongo huo.

Njia ninayoipendekeza ni kumwomba mfungwa aandike, kwa mkono wake na bila haraka, karatasi mbili: moja inaeleza siku ya tukio kuanzia asubuhi, na nyingine inaeleza maisha ya aliyeumizwa tangu siku ile, kwa kadiri anavyoweza kuyafikiria. Karatasi ya pili ni ngumu zaidi, na nimeona watu wakiiacha nusu kwa siku kadhaa kabla ya kuirudia. Si lazima iwasilishwe popote. Faida yake ni kwamba aliyeiandika kwa dhati hahitaji tena kukariri maneno ya majuto, kwa sababu amekwisha kuwa na la kusema.

Je, anayesema hakutenda kosa? Bodi haiwezi kufuta hukumu, kwa hiyo itaendelea kumchukulia kama mtu aliyepatikana na hatia, lakini mifumo mingi inakubali kwamba kukana peke yake hakutoshi kumnyima mtu parole. Wakili amsaidie kueleza mambo ambayo bado yanaweza kuzungumzwa: mazingira aliyokuwa akiishi, tabia aliyokuwa nayo wakati ule, mafunzo aliyoyapata, na jinsi atakavyojiweka mbali na hali zinazoweza kumrudisha gerezani. Kumshauri mtu akiri asichokitenda ili apendeze mbele ya bodi ni kosa la kimaadili, na pia ni hatari, kwa sababu ungamo la uongo huvunjika kwenye swali la pili.

Inafaa kukumbuka kwamba ukubwa wa kosa haubadiliki hata miaka ipite mingapi. Ikiwa bodi ingeutazama huo tu, hakuna aliyetenda kosa kubwa ambaye angetoka. Mahakama ya Juu ya California ililigusa jambo hili mwaka 2008 katika shauri la Lawrence, ilipoeleza kwamba ubaya wa kosa la zamani hautoshi kumzuia mtu isipokuwa uwe bado unaonyesha hatari aliyonayo leo. Wakili anaweza kuijenga hoja yake juu ya tofauti hiyo ya jana na leo bila kulipunguza kosa hata kidogo.

Mpango wa maisha ya nje

Mpango mzuri unaweza kukaguliwa. Bodi, au afisa anayetumwa nayo, lazima aweze kwenda kwenye nyumba iliyotajwa, kumpigia mtu aliyetajwa na kupata jibu lile lile lililoandikwa. Barua nyingi za ndugu zinaanguka hapa, ingawa zimeandikwa kwa upendo. Moja itasema: “Sisi kama familia tunaahidi kumpokea na kumpa kila msaada.” Hakuna kitu cha kukagua katika sentensi hiyo. Barua ya pili itasema: “Mimi ni dada yake mkubwa. Ninaishi na watoto wangu wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha nyuma kiko wazi. Najua kosa lililomfunga na nimelizungumza na watoto. Pombe haiingii nyumbani kwangu. Akikiuka masharti nitamweleza afisa wake, naye nimemwambia hivyo siku ya kumtembelea.” Barua hii ni fupi, lakini mjumbe akiisoma anaweza kuiona nyumba na kumwona mtu atakayesimama mlangoni.

Maneno “najua kosa lililomfunga” yana uzito kuliko ndugu wengi wanavyodhani. Mwenyeji asiyejua, au aliyeambiwa nusu, ataulizwa na afisa, atashtuka, na makazi yatapotea siku hiyo hiyo. Hivyo wakili azungumze naye kabla ya afisa kufika, si kumpangia majibu, bali kumweleza maswali yatakayokuja na kuthibitisha kwamba ameridhia kwa hiari yake. Pia atazame kama nyumba hiyo iko karibu na aliyeumizwa au familia yake, maana mpango unaompeleka mfungwa mtaa mmoja na mwathirika huangushwa na jambo hilo peke yake.

Kuhusu kazi, ahadi ndogo ya kweli inashinda ndoto kubwa. Barua ya fundi anayesema atamchukua kwa siku tatu za wiki kwa majaribio inatosha. Ikiwa kosa lilitokana na ulevi au dawa za kulevya, mpango utaje mahali pa tiba, siku za kuhudhuria na mtu wa kumsindikiza wiki za mwanzo. Na uwepo mpango wa siku mbaya: kazi ikikosekana, dada akihama, rafiki wa zamani akibisha hodi, mfungwa atamwendea nani na kwa njia gani? Wajumbe huuliza swali hili karibu kila mara, na wengi hujibu, “Hayatatokea.” Yatatokea, na bodi inajua.

Maelezo ya maandishi ya wakili

Baada ya jalada kusafishwa na mpango kukamilika, wakili aandike maelezo mafupi yanayoviunganisha. Kurasa tano zilizopangwa vizuri zinatosha mashauri mengi. Zianze na kile kinachoombwa, kisha kipimo cha kisheria ambacho bodi inapaswa kukitumia, halafu hatari zilizotajwa na wataalamu moja baada ya nyingine, na mbele ya kila hatari kuwekwe ushahidi wa kilichofanyika na ukurasa wake kwenye jalada. Udhaifu utajwe pia. Kosa la nidhamu la mwaka jana likifichwa litaonekana kwa nguvu zaidi kuliko likitajwa na kuelezwa.

Mahali ambapo mwathirika ana haki ya kutoa maelezo, upande wa mfungwa uyapokee kwa heshima. Wakili asiyabishie maumivu ya mtu; anachoweza kufanya ni kupendekeza masharti yanayoijibu hofu iliyoelezwa, kama vile kutokaribia eneo fulani au kutowasiliana kwa njia yoyote. Na mfungwa pamoja na ndugu zake wasijaribu kumfikia mwathirika ili “yaishe kifamilia” bila kupitia kwa maafisa wanaohusika. Nia inaweza kuwa njema, lakini simu moja ya namna hiyo inaweza kusomwa kama vitisho na kuzima maombi yote.

Mazoezi, na siku yenyewe

Wiki mbili au tatu kabla ya kikao, wakili na mfungwa wafanye mazoezi ya maswali angalau mara mbili, huku wakili akijifanya mjumbe mkali. Lengo ni kumzoeza mfungwa kusikiliza swali mpaka mwisho, kujibu lililoulizwa, na kukaa kimya baada ya kujibu. Majibu yasikaririwe. Mjumbe mzoefu hulitambua jibu lililokaririwa kwa namna macho yanavyotafuta neno linalofuata, na akilikatiza katikati mfungwa hupotea. Yafanyiwe mazoezi zaidi yale maswali yanayouma: kwa nini uliacha mafunzo katikati, kwa nini tukuamini safari hii, mama yako alipokukanya ulimjibu nini.

Mfungwa asiyemudu lugha ya kikao, asiyesikia vizuri au mwenye ugonjwa unaomchosha anapaswa kuombewa mkalimani au mapumziko kwa maandishi mapema. Kikao kikifanyika kwa video, wakili ahakikishe kuna njia ya kuzungumza na mteja wake faragha kabla na katikati ya kikao, na kwamba mfungwa ana nakala ya jalada mezani.

Siku hiyo mfungwa ndiye anayesikilizwa zaidi. Wakili hufungua kwa ufupi, huuliza maswali ya kufafanua pale jibu lilipoeleweka vibaya, huwahoji maafisa kuhusu taarifa zao kwa utulivu, na hufunga kwa maneno machache. Mfungwa akiona hasira inapanda, aombe dakika moja au maji. Ombi hilo haliwezi kumdhuru, na mara nyingine ndilo onyesho bora zaidi la mabadiliko kuliko cheti chochote kilichomo kwenye jalada.

Baada ya uamuzi

Uamuzi uombwe kwa maandishi pamoja na sababu zake. Ukiwa wa kukataa, wakili ausome akitafuta mambo mawili tofauti. La kwanza ni kosa la kisheria au la utaratibu: bodi ilitumia kipimo kisicho chake, ilipuuza ushahidi muhimu au haikumpa mfungwa nafasi ya kujibu. Hapo kuna njia za marejeo au mapitio ya kimahakama, na muda wake ni mfupi. Nchini Uingereza na Wales, kwa mfano, mfungwa aliyekataliwa kwa karatasi ana siku 28 za kuomba kikao, na ombi la marejeo, kwa uamuzi wa aina inayoruhusiwa kuombewa marejeo, hutakiwa ndani ya siku 21. La pili ni orodha ya kazi iliyojificha ndani ya sababu: mafunzo yaliyokosekana, tathmini iliyopitwa na wakati, makazi yasiyoaminika. Wakili aiandike orodha hiyo kwenye karatasi moja, ampe mfungwa na afisa wake, na maandalizi ya mapitio yanayofuata yaanze mwezi huo huo. Muda wa kusubiri unaweza kuwa mrefu. Huko California bodi inaweza kupanga kikao kijacho baada ya miaka 3 hadi 15, ingawa kuna njia ya kuomba kifanyike mapema zaidi. Mfungwa asiachwe peke yake wiki ya kwanza baada ya kukataliwa, na ndugu wapange kumtembelea hata kama hawana habari mpya ya kumpelekea.

Uamuzi ukiwa wa kukubali, kazi ya mwisho ya wakili ni kuyapitia masharti pamoja na mfungwa kabla hajatia sahihi, sharti moja baada ya jingine, kwa lugha anayoielewa: anaripoti wapi, siku gani, saa ngapi, nani wa kumpigia akichelewa kwa sababu ya usafiri au ugonjwa, haruhusiwi kuvuka mpaka upi bila kibali. Sharti lisilotekelezeka, kama kuripoti asubuhi ya siku ambayo fundi anamhitaji kazini, liombewe mabadiliko mapema kwa barua. Nakala moja ibaki kwa mfungwa, moja kwa dada mwenye nyumba, ibandikwe mahali ambapo kila anayeingia jikoni ataiona, na ya tatu ibaki kwenye faili la wakili pamoja na jina la afisa atakayemsimamia.